Maji ya Shimo la Ghala

Jumatatu, 4 Februari 1974
Pampu imewaka mara moja. Kama kawaida. Wengine wakizungusha hendeli inakohoa na kuzima, mimi naigusa tu inaitika. Shule niliishia darasa la tano, lakini hata fundi mkuu, Bwana Mwakalinga wa Mbeya, hunisubiri mimi ndipo kazi ianze.

Tunachimba msingi wa ghala la mahindi la kijiji, hapa Mollo. Bondeni kabisa. Kamati ilipachagua kwa sababu lori linafika. Maji nayo yanafika. Usiku yanajaa, asubuhi nayavuta, ndipo watu washuke.

Kaka Aloisi, mtoto wa mama mkubwa, yuko chini na beleshi. Ananiita Bwana Mpira. Eti kazi yangu ni kukalia mpira wa maji na kupiga miluzi. Wivu tu.

Jumatano, 6 Februari
Leo kazi ya kujitolea, kijiji kizima. Nimecheka hadi mbavu zikauma. Wafipa sisi, ukitupatia udongo tunatengeneza tuta. Wamekata majani, wakayalaza ukingoni mwa shimo, wakafunika kwa udongo uliotoka chini. Matuta mazuri ya mviringo, yamepangana kama shambani. Hakuna aliyewatuma. Mikono imezoea.

Nikauliza, "Maharage mnapanda lini?"

Mama mmoja akanijibu, "Yakiiva utakuwa wa kwanza kuleta sahani, mvivu wewe."

Bwana Mwakalinga hakucheka. Alisema udongo uhamishwe mbali na ukingo. Wakasema kesho. Jioni mvua.

Jumamosi, 9 Februari
Dizeli imekwisha. Lori halijatoka Mbeya. Pampu kimya, nami sina cheo tena. Tunachota kwa ndoo, mkono kwa mkono. Tukipumzika kidogo maji yanarudi palepale. Mgongo unaniuma. Aloisi ananiambia, "Bwana Mpira, leo umekuwa Bwana Ndoo." Nimekasirika kweli.

Jumanne, 12 Februari
Tumeacha kuchota. Shimo limekuwa bwawa. Bata wa jirani wamehamia. Matuta yako palepale, yameloa, majani yameanza kuota juu.

Katibu wa kijiji amekuja na mwavuli. Jumamosi kuna mgeni kutoka mkoani, akute zege limemwagwa. Bwana Mwakalinga akasema, "Ndugu Katibu, ardhi hii haijui Jumamosi." Katibu akamwambia asilete maneno ya kuvunja moyo wananchi.

Nami nikadakia mbele ya watu. Nikasema dizeli ikifika, kabla ya chai Aloisi atatembea humo bila kulowa nyayo. Watu wakapiga makofi. Mke wa Aloisi alikuwepo, na tumbo lake la mimba ya kwanza. Naye alicheka.

Alhamisi, 14 Februari
Dizeli ilifika alfajiri. Bwana Mwakalinga akaniambia, "Shusha kidogo, simama, tazama kuta. Hayo maji ndiyo yanayozishikilia." Kisha akaitwa ofisini kwa Katibu.

Nilikwisha kuahidi. Nilifungua pampu hadi mwisho.

Shimo lilikauka kabla ya chai. Kuta zilikuwa zinatoka jasho, hasa upande wa matuta. Niliona. Nikadhani ndivyo zinavyokauka. Aloisi akashuka kutoa tope la chini, akanitazama juu. "Leo nimekubali, Bwana Mpira. Jioni nitakununulia pombe." Mimi nilikuwa nimesimama mkono kiunoni, najiona.

Ukuta uliondoka wote pamoja na matuta yake. Haukupiga kelele. Kilichosikika ni pampu tu, ilikuwa bado inanguruma.

Tulichimba kwa majembe, halafu kwa mikono kwa kuogopa kumkata. Tulimpata jioni. Mdomoni alikuwa na udongo na majani.

Ijumaa, 15 Februari
Msibani. Katibu amesema ni mvua. Wanawake wanasema ni yale matuta, na yule mama wa maharage analia hanyamazi. Pampu haijatajwa. Bwana Mwakalinga alinitazama, akaitazama mikono yangu, akaenda kukaa na wazee.

Sijasema. Ugali umenishinda. Mke wa Aloisi amenipa pole, eti nimepoteza kaka. Nilitaka kukimbia.

Jumamosi, 16 Februari
Mgeni hakuja.

Kaburi lilichimbwa jana, mlimani. Mvua ya usiku imelijaza hadi magotini. Kijana mmoja akasema iletwe ile pampu, itamaliza upesi. Mama mkubwa akasema hapana. Akatazama watu wote, kisha mimi. Akanipa kopo tupu la maziwa, lile analopimia ulezi.

"Gaudensi. Shuka wewe, mwanangu. Mtolee ndugu yako maji."

Nikashuka. Maji baridi. Nikachota kidogo. Nikasimama. Nikatazama kuta. Nikachota tena.

Hakuna aliyenihimiza. Waliningoja mpaka nikamaliza.