Aingie Lamboni na Buti Zake

Mpendwa kaka Njiku,

Yona amerudi. Yule Yona wa jirani, mliyechukuliwa naye jeshini siku moja. Yeye ni koplo sasa, na hapa kijijini wanamwita shujaa. Alituambia ulikufa kwa homa. Mama akamshukuru kwa kukuzika.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipeleka ng'ombe kwenye ziwa letu la chumvi? Ulilala chali juu ya maji, mikono chini ya kichwa, ukaniita, "Njoo wewe mwoga, maji yenyewe yanabeba." Sikuja. Wazee walipopita nilijificha nyuma yako, sauti haitoki, nawe ukawaambia, "Shikamoo, na ya huyu nimeibeba mimi."

Maji yale humbeba kila mtu kwa sababu ya chumvi. Wewe ulidhani unajua kuogelea.

Saidi wa Mgori, mwenzenu wa kambini, alinieleza yote tukiwa kisimani. Siku ya mazoezi ya kuvuka mto, afisa aliuliza nani ataogelea na kamba hadi ng'ambo. Yona akakusukuma mbele. "Huyu wa kwetu ni samaki, afande." Yona mwenyewe alikuwa amezama katika mto huo huo siku chache kabla, akaopolewa. Alijua kwamba mto si ziwa letu. Ukaingia na bunduki, mzigo mgongoni, buti miguuni. Ulipoanza kutapatapa wenzako walitaka kukufuata. Yona akawazuia. "Mwacheni, anatania." Baadaye wote waliamriwa waseme ni homa.

Sikumwambia mama. Nilikaa na jambo hili kifuani, na kila Yona alipopita nilitamani apaliwe na maji ya kunywa. Kisha akamtuma mshenga. Kati ya wasichana wote, ananitaka mimi.

Jana wazee walikaa uani kwetu, pamoja na mshenga na Yona mwenyewe. Baba mkubwa akaniuliza kama ninamkubali. Walinijua: ningeinamisha kichwa tu, na hiyo ingekuwa ndiyo.

"Ninamkubali," nikasema, "ila kwanza aingie majini amevaa buti, na mzigo wa mawe mgongoni. Si ziwani. Lamboni, kwenye maji ya mvua wanayokunywa ng'ombe."

Mshenga akacheka. "Kumbe binti ana maneno."

Yona naye akacheka, jasho likimtoka. "Anatania huyu."

"Ndivyo ulivyosema kaka alipokuwa anazama."

Baba akamwuliza taratibu, "Yona, mwanangu alikufa kwa homa au kwa maji?" Yona akaangalia chini. Mama akainuka, akachukua kibuyu cha togwa aliyompikia, akaimwaga yote chini mbele ya miguu yake.

Leo watu wanasema aibu ile inamtosha, nimwache. Mimi haijanitosha, kaka. Anakula, analala, anapumua. Jumapili atasimama kanisani kumshukuru Mungu kwa kurudi salama, ilishatangazwa. Akithubutu kusimama, nami nitasimama. Nitamwomba ataje mbele ya watu wote jina la aliyemwacha mtoni, na sitaketi mpaka alitaje.

Pumzika, kaka yangu. Hapa bado nina kazi.

Ni mimi,
Mdogo wako wa kike