Sweta la Kibibi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa mwili, na kama moyo nao haujambo, basi nitashukuru mara mbili. Sisi huku tunasukuma siku. Cherehani yangu bado ina mdomo kuliko mimi, kama ulivyozoea kunitania, na mume wangu bado ananiahidi kabati. Unajua tena mke wa seremala: nguo zake hukaa kwenye sanduku.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Nimepiga sana, dada. Karibu kila nikipiga anapokea shemeji. Mara umelala, mara unaoga, mara umetoka kidogo. Na ananisalimia kwa furaha na kicheko mpaka naona haya kuuliza zaidi. Ndiyo maana nimeandika. Nakuomba ukae chini, usome taratibu, na usirukie mwisho.

Nianze na Kibibi, yule mtoto uliyepewa na ustawi umlee. Wewe ndiye uliyempa jina hilo, kwa sababu alikuwa na adabu za mtu mzima kwenye mwili wa mtoto. Uliporudi naye ofisi ya ustawi wa jamii ukasema amekushinda, mimi ndiye niliyekwenda kuomba nipewe. Mume wangu na mimi tulikuwa tumeshakaguliwa na kukubaliwa kulea, tunasubiri tu. Nikajisemea, mtoto aliyekuwa wa dada yangu hawezi kuwa mgeni kwangu. Alikuja na mfuko wa nguo, pakiti ya vidonge vya kumtuliza, na lile sweta la kijani ulilomfumia kwa mkono wako. Nakumbuka nililigeuza nikaitazama mishono yake. Zito, shingo ndefu, mikono inafika mpaka vidoleni. Nikamwambia mume wangu, mwone dada yangu, hata kwenye joto hili mtoto amefumiwa sweta. Huo ndio upendo.

Mwanzoni majirani walinipongeza, eti nimeokota dhahabu. Kibibi aliamka akiwa ameshatandika kitanda. Aliosha vyombo bila kutumwa. Ukimpa maji ya kunywa anashukuru, ukimpokonya kikombe anashukuru vilevile. Halii, hachezi, hapingi. Nami nilijivuna, nisiwe mwongo. Lakini siku zilivyokwenda nikaanza kuogopa. Mtoto wa miaka minane asiyekosea hata mara moja, dada, anatisha. Ni kama kuishi na mtu anayesikiliza nyayo ambazo wewe huzisikii.

Kisha makomeo yakaanza kupotea. Lilianza la bafuni. Likafuata la stoo, halafu la chumbani kwetu, mwisho la karakana ya mume wangu. Yeye akacheka, akauliza ni mwizi gani huyu anayeiba komeo na kuacha redio. Siku nilipopangua vitambaa vyangu vya kushonea nikayakuta yote chini ya gunia, yamefungwa vizuri pamoja na skrubu zake, hakuna hata moja iliyopungua. Kibibi alikuwa anayafungua kwa mpini wa kijiko. Nilipomuuliza hakukana. Aliniomba radhi, akasema atayarudisha yote mwenyewe. Halafu akasema kwa sauti ndogo sana, “Lakini mama mdogo, la stoo lisirudi.”

Na lile sweta halivuliwi. Jua la mchana linachoma mpaka bati linalia, yeye yumo ndani ya sweta. Nikilifua analivaa likiwa bichi. Siku moja nilimvua kwa nguvu nikidhani namsaidia. Akajikunja chini ya meza ya cherehani, akakaa hapo mpaka mume wangu aliporudi kutoka kazini. Jirani aliyeona akaniambia nimrudishe mapema, kwamba damu isiyo yako haizoeleki. Mwingine akasema ana pepo. Mimi nikakumbuka maneno yako, kwamba ukizidiwa mpe kidonge. Nikampa. Akawa kama mwanasesere. Anakaa pale unapomweka, macho yako wazi, mwenyewe hayumo.

Vidonge vilipokaribia kuisha nilikwenda navyo hospitali, pamoja na Kibibi, niongezewe. Muuguzi wa dirishani aliigeuza ile pakiti mara mbili, akaniuliza ni nani aliyemwandikia mtoto dawa ya nguvu hii. Hakunipa vingine. Alimwita daktari, kisha wakanipeleka kwa mshauri nasaha wa watoto.

Laiti ungemwona huyo mama, dada. Mnene, mcheshi, viatu vyake kavua kaviweka dirishani. Chumba alichopewa kilikuwa stoo ya vitanda vibovu, na mlango wake haufungi kwa sababu fremu imevimba. Aliniomba radhi kwa ule mlango. Hakujua kwamba Kibibi aliuangalia, akausukuma kidogo kuhakikisha, kisha kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakaa bila kugeukageuka.

Mshauri aliniuliza Kibibi anapenda kula nini, anaogopa nini, akilala anaangalia upande gani. Nilijua ukubwa wa gauni lake tu. Akampigia afisa ustawi aje na faili. Ndani ya faili kulikuwa na uzito, urefu, chanjo na meno. Mtoto amefiwa na wazazi, amehamishwa nyumba tatu, na hakuna karatasi hata moja inayosema mtu amewahi kukaa naye akamsikiliza. Afisa ustawi ni mwanamke mwenye miwani, si mtu mbaya. Aliona aibu. Akasema, “Tunapima kila kitu, moyo hatuupimi. Hatujapewa mizani yake.” Mshauri akamjibu kwamba mizani hiyo ni kiti na muda, na kwamba yeye anaomba watoto waletwe kwake kabla ya kuhamishwa, si baada ya kuharibikiwa. Yeye ni mmoja tu kwa watoto wa wilaya nzima, akasema, lakini heri foleni kuliko hivi.

Basi tukaanza kwenda kila juma. Daktari akapunguza vile vidonge kidogo kidogo mpaka vikaisha. Nasi tukafundishwa kama wanafunzi. Tusirudishe makomeo, tuweke mapazia. Tusimvue sweta. Tukitaka kufunga kitu chochote, hata kabati, tuseme kwanza. Mume wangu, ambaye unajua alivyo mgumu wa maneno, alirudi nyumbani akachagua bisibisi ndogo kwenye sanduku lake la vifaa, akampa Kibibi. Akamwambia kama kuna jingine tulilolisahau, alifungue yeye. Kibibi aliipokea kwa mikono miwili. Nadhani alitabasamu. Nilikuwa nageuza uso, kwa hiyo sina hakika.

Tungeendelea hivyo, lakini shemeji akaja kututembelea. Sijui kama alikuambia.

Alikuja mchana na ile pikapu ya buchani kwake, ametuletea nyama, amenyoa, ananukia. Kibibi alikuwa anafagia uani. Alimwamkia vizuri kabisa, “Shikamoo baba,” akaegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa sweta langu la zamani juu ya lile la kijani. Shemeji hakumtazama. Alikula, akaongea, akatuchekesha. Alipokwenda kunawa aliona mlango wa bafuni una pazia na tundu za skrubu. Akarudi akifuta mikono, akauliza kwa utani, “Hapa kwenu milango haifungi? Mtoto atashika adabu lini?” Mume wangu akacheka kwa kuwa mgeni kacheka. Mimi sikuweza. Kisha akatuambia habari njema: ustawi wameipenda nyumba yenu, kubwa, safi, ina vitanda vya kutosha, na mnaletewa watoto wengine, wavulana pacha wa miaka mitano.

Alipoondoka tulimtafuta Kibibi. Alikuwa amesimama katikati ya uani, kwenye jua kali, masweta mawili, na meno yake yanagongana. Dada, jasho linamtiririka usoni na meno yanagongana. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa moto. Akaniambia anasikia baridi.

Mshauri hakumharakisha. Alisema mtoto akivutwa maneno hutoa yale unayotaka wewe, tusubiri yatoke yake. Tukasubiri. Miezi ikapita, na wale pacha wakaletwa kwenu kama alivyosema. Jumatatu hii, kwenye kile chumba kisichofungika, Kibibi mwenyewe aliomba nikae karibu, akasema. Hakulia. Alieleza kama mtu anayeelekeza njia. Alisema nyuma ya bucha iliyo mbele ya nyumba yenu kuna chumba cha baridi kinachotunza nyama, mlango wake mzito, komeo liko nje. Alisema akimwaga kitu, au akiuliza habari za mama yake aliyekufa, baba humwingiza humo na kufunga. Humo ni giza. Alisema baba alimwambia, “Humu ndani kila kitu kimetulia. Na wewe tulia.”

Mshauri alimuuliza taratibu alikuwa akitokaje. Kibibi akasema, “Mama mkubwa ndiye aliyekuwa anafungua.”

Nisome vizuri, dada. Alisema ulikuwa unangoja shemeji atoke, unafungua, unampa chai ya moto, unamsugua miguu. Kisha unamwambia asiseme kwa mtu, kwa sababu wakijua watamchukua. Alisema ulimwambia huwezi kuuzuia mlango ule kufungwa. Ndipo ukamfumia sweta.

Mikono yangu ndiyo iliyoligeuza sweta lile nikasifu mishono yake. Zito hivyo, refu hivyo, katika mji ambao hatujui hata blanketi. Ulikuwa unajua. Uliona, ukahesabu baridi, ukachukua sindano ukafuma.

Usiku ule sikufumba jicho kwa kukutetea. Nilijiambia pengine ni wewe uliyemrudisha Kibibi ustawi makusudi, ukamsingizia utundu ili umtoe pale. Bado naamini hivyo. Sitaki kuambiwa vingine. Nilijiambia pia kwamba sijaona mikono yako wazi siku nyingi, kwamba hata kwenye msiba wa shangazi ulikuja na mikono mirefu, na kwamba mtu asiyepokea simu yake mwenyewe si mtu huru. Nikasema nitazungumza nawe kwanza, dada na mdogo wake, mambo yabaki nyumbani.

Jumanne nikapiga, na kwa bahati ukapokea wewe. Sijui kama unakumbuka tulivyoongea. Nilikuuliza pacha hawajambo. Ukasema mwanzoni walisumbua, walilia sana, lakini sasa wametulia. Ukarudia, wametulia kabisa. Nikakuuliza unafanya nini. Ukasema umekaa tu, umenunua nyuzi, unafuma.

Nikakata simu. Utanisamehe, au hutanisamehe. Sikumngoja mume wangu arudi. Nilikwenda ofisi ya ustawi na nguo za kazini, sindano bado zimechomekwa kifuani, nikasema yote. Mshauri akaja akasema yale ambayo Kibibi alimruhusu kuyasema. Afisa ustawi alivua miwani. Yeye ndiye aliyekagua nyumba yenu. Alikagua vitanda, choo, jiko. Bucha hakuikagua, kwa sababu bucha si nyumba.

Walitaka kuja bila neno. Nikawaomba kitu kimoja tu, kwamba wewe uwe umeambiwa na ndugu yako, usiambiwe na watu baki. Walikataa, kisha wakakubali kwa sharti moja: barua isitangulie hata dakika moja.

Kwa hiyo sasa inua macho, dada. Mwanamke aliyekukabidhi barua hii mkononi, mwenye miwani, si mteja. Anajua unasoma nini. Wenzake wako mbele buchani wanazungumza na shemeji, na wamekuja na polisi. Usipige kelele. Usikimbilie mbele kumwonya. Huyo mama atakuuliza pacha wako wapi muda huu. Kama wapo chumbani wanacheza, mpeleke. Kama wapo kwingine, unajua ni wapi, na unajua mlango unavyofunguka kuliko mtu yeyote. Nenda naye ukafungue, safari hii mtu akikuona.

Mshauri ameshaandaa nafasi ya wale watoto, leo hii, kabla hawajapelekwa nyumba nyingine yoyote. Ameniambia nikuambie kwamba na yako ipo. Watakuuliza mengi, na pengine mengine yatakuuma na mengine yatakufunga. Sitakudanganya kwamba hayatakuwapo. Lakini sema kweli yote, hata ile inayokugusa wewe. Nitakuja kukukuta popote watakapokuweka.

Wape pacha salamu zangu, waambie mama mdogo anawasubiri kuwaona. Mume wangu anakusalimu. Amesema maneno mengine pia lakini hayo nitayabakiza. Wengine wa nyumba hiyo leo sina salamu zao.

Kibibi ameniona naandika akauliza kama ni ya kwako. Nikamwambia ndiyo, nikamuuliza kama ana neno. Akasema, “Mwambie mama mkubwa asante kwa kunifungulia. Na mwambie wale wadogo asiwacheleweshe.”

Ni mimi mdogo wako, uliyenibeba mgongoni.