Tuliwaza Tu

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti linasemaje siku hizi? Na shemeji, anatembea bila kushika ukuta? Namwomba Mungu barua hii iwakute wote salama. Sisi huku hatujambo, wifi yako anakusalimu, na watoto wanauliza shangazi atakuja lini. Nilitaka kukuandikia tangu mwezi uliopita ila mkono ulikuwa mzito, na sababu yake utaiona.

Kiwandani kwetu mambo yamebadilika. Kile kilima cha vumbi la mbao nyuma ya msumeno mkubwa, kilichokuwa kikimwagikia mtoni kila mvua, hakipo tena. Vumbi lote tunalikanda kwa uji wa maganda ya muhogo, tunalishindilia kwenye mashine, tunalianika juani, tunapata makaa. Hospitali inapikia hayo, dobi anapashia pasi, na vibarua wanane waliokuwa waachishwe kazi bado wapo. Mimi ndiye msimamizi. Wananiita Mzee Vumbi, naitika.

Wiki tatu zilizopita alikuja mtaalamu kutoka wizarani, mama mmoja mpole. Akatueleza kwamba nchi ikitegemea vya kuchimba peke yake, siku vikiisha na yenyewe imekwisha. Bali inayojua kutumia kinachoota, pamoja na mabaki yake, kisha ikapanda tena, hiyo ina kesho. Akasema huo ndio uchumi wa viumbe hai. Fundi msumeno akauliza kama mchwa nao wataingizwa kwenye mishahara, maana ni viumbe hai na hawajawahi kukosa kazini. Tulicheka mpaka yule mama akavua miwani kufuta macho.

Alipoivaa tena akaniuliza ni nani aliyebuni ule uji. Dada, nikamjibu, "Tuliwaza tu, hapa hapa."

Maneno machache, lakini yana "tu" mbili, nami nilijificha nyuma ya zote. Ya kwanza ilitufanya tuonekane wengi, ya pili ikalifanya jambo lionekane dogo. Yeye akaandika jina langu kwenye fomu yake, penye mbunifu. Siku ya ibada kiongozi wetu akanitaja mbele ya watu kuwa mfano wa kutumia kipaji. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Ukweli unaujua wewe. Mwaka ule shemeji alipoanguka, ukakosa hata mkaa wa kuchemshia maji, uliniomba gunia la vumbi ukalikanda na maji ya maganda jikoni kwako. Nami nikakucheka, nikakuuliza unapika au unacheza tope. Nimekuibia, dada. Kila nikisali, nikifika mahali pa kuomba msamaha naparuka.

Juzi nilimwendea meneja nikamweleza yote. Papo hapo akampigia simu yule mama. Naye hakunigombeza, aliuliza kama mwenye wazo anaweza kusimama mbele ya watu akafundisha, maana viwanda kumi na viwili vinasubiri mwalimu. Nikamwambia huyo ndiye aliyenifundisha kusoma mimi na kichwa changu hiki, hao wengine hawatamshinda.

Nisamehe ukiweza. Uje usije, jina langu limeshafutwa na mahali pake pameachwa wazi. Wanataka majina yako yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho, kabla ya mwisho wa mwezi. Nisalimie shemeji na wapwa zangu. Tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi mdogo wako,
Mzee Vumbi