Nyumba Yetu ya Ng'ambo Imeezekwa

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitika, ila mkono wangu umekataa kuanza bila kukuamkia. Nina habari imenijaa kifuani tangu asubuhi: nyumba imekwisha. Ile ile, kwenye kiwanja chetu cha Ng'ambo, kando ya njia ya zamani ya misafara. Tumehamia leo.

Ulipotuacha, kuta zilikuwa zimefika kiunoni. Baba akaweka chini randa na msumeno. Yeye anayewatengenezea watu milango Tabora nzima, akawa anashinda amekaa tu kwenye kile chumba chetu cha kupanga, hasemi na mtu. Kisha akaja karani wa viwanja, akasema kiwanja kisipokuwa na nyumba yenye paa kabla ya mvua, kitapewa mtu mwingine. Baba akamjibu, "Kichukueni. Mimi narudi kwetu Ziba."

Nikaviona vile vyumba vitatu ulivyonichorea chini kwa kijiti, na jiko lake uani, nikawaona watu nisiowajua wamekaa humo. Nikakimbia kwa mdogo wako, Mama Monika. Hakunibembeleza. Alijifunga khanga kiunoni akauliza, "Matofali yako wapi?"

Kesho yake alikuja na wanawake wenzako wa kanisani. Bi Salma, jirani yetu mwenye duka, naye akaleta wanawe. Tukasomba maji, tukakanyaga udongo tukiimba, mpaka mwashi akatuomba tupunguze kasi kwa kuwa tumemwacha nyuma.

Baba alikuwa akipita kwa mbali tu. Siku moja akasimama.

"Nani kawaambia dirisha liwe upande wa barabara?"

Nikamwambia, "Mama."

Unakumbuka mlivyobishana? Yeye akisema dirisha la huko linakaribisha macho ya watu, nawe ukisema, "Ndiyo nataka, nimwone anayepita nimwite." Baba alilisogelea lile dirisha. Halafu akatoa kamba mfukoni, akapima. Jioni ile nikasikia msumeno. Mama, nilikaa chini nikalia. Ilikuwa furaha, na ilikuwa... sijui. Ningetamani ungeusikia.

Karani aliporudi, bati lilikuwa limeshapigiliwa lote. Akazunguka nyumba, akagonga ukuta, akachungulia jikoni, kisha akaandika namba mlangoni kwa rangi nyeupe. Hakusema neno zaidi ya "Haya." Bi Salma akapiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakatimua mbio, na Baba akacheka. Akacheka kabisa, Mama, meno yote nje.

Nikiolewa, nitatokea mlango huu huu, na hao watakaokuja kunichukua watasubiri uani mpaka nimalize kuwasimulia habari zako. Nakuahidi hilo. Na maadamu ningali hai, nyumba hii haitauzwa.

Nikuambie la mwisho, kisha nikuache upumzike. Leo tulipofika na mizigo kichwani, Baba alituzuia tusiingie. Alivua kofia, akaufungua mlango wazi kabisa, akasogea pembeni. Akasema taratibu, "Tangulia, mama watoto."

Sote tukasimama nje, tukakupisha.

Kwaheri, Mama. Karibu kwako.

Mwanao,
Agnesi