Mashine Kuukuu, Ng'ombe wa Paskalina na Mpaka wa Mzee Elinami

Mpendwa Mama Violet, naomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi nimeitwa kikaoni na sina pa kushika. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mbili, naishi Moshono na mke wangu Paskalina kwenye shamba aliloniachia marehemu baba, nilikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha serikali mpaka mwaka juzi walipotupunguza kazi, kila mtu akaambiwa ajitegemee, basi na mimi nikajitegemea, nikanunua mashine ya kutafutia vyuma ardhini kwa mzungu wa mradi wa maji aliyekuwa anauza vyombo vyake arudi kwao, ilikuwa inauzwa pamoja na pasi na viti vinne vya kukunja, nikachukua vyote.

Mashine yenyewe ni kuukuu, ina mpini mrefu na chini ina duara kama sinia, inakula betri kubwa sita, na ukiipitisha juu ya chuma inalia kama mbuzi aliyefungiwa. Nia yangu ilikuwa mali ya Mjerumani, kwani tangu utotoni tunasikia kwamba kuna mzungu alizika sanduku la dhahabu huku kwetu akikimbia vita, na hata jirani yangu Mzee Elinami, mtu mzima, mzee wa kanisa, aliwahi kunihadithia. Nimetafuta miezi minne. Nimepata misumari, vizibo vya soda na mfuniko wa sufuria ambao Paskalina alikuwa amemnunia dada yangu kwa ajili yake mwaka mzima.

Sasa mwezi uliopita nilikuwa napita kwenye mpaka wangu na Mzee Elinami, pale kwenye masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda kuonyesha mpaka, mashine ikalia kwa nguvu, nikachimba, ikabidi ning'oe mashina matatu kwa sababu kuchimba bila kuyang'oa kusingewezekana, na nilichokikuta ni jembe lililoliwa na kutu, limelala chali kana kwamba limepangwa. Nikalitupa migombani. Nikasogea hatua ishirini, ikalia tena chini ya masale mengine, nikasogea ishirini nyingine, ikalia tena, hapo nikajua imeharibika, nikaizima. Yale masale niliyarudishia siku ileile, labda yalikwenda upande wa Mzee kama nusu hatua hivi, mvua ilikuwa inakuja.

Mzee hakunifokea. Alikuja asubuhi, akayatazama, akaniambia, "Aminieli, baba yako alipofariki mimi ndiye niliyekusaidia kumzika. Leo unanihamishia mpaka?" Kabla sijafungua mdomo akaondoka. Tangu siku hiyo nikimpa shikamoo anatazama Mlima Meru, haitikii, na ameita wazee wa koo zote mbili. Mama Violet, nimeumia, yule mzee ni kama baba yangu.

Shida yangu sasa ni hii. Luqman mwenye duka la vifaa karibu na soko kuu ana mashine mpya iliyoingia kutokea Nairobi, ina kioo chenye namba, na inachagua, ukiitegesha kwenye dhahabu inakinyamazia chuma. Naona ningekuwa na hiyo haya yote yasingenipata. Nataka kumuuza ng'ombe wa maziwa niinunue. Paskalina anasema ng'ombe alipewa yeye na baba yake, na siku atakapotoka zizini na yeye atatoka, wataongozana mpaka kwao Ngaramtoni. Je, nianze upya na mashine mpya, au niitengeneze hii kuukuu?

Aminieli, Moshono

MAMA VIOLET ANAJIBU

Aminieli, pole sana. Ipokee hiyo pole sasa hivi, kwa sababu mbele huko hutaiona nyingine.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Una kesi ya mpaka, una mke ambaye moyoni ameshafunga mizigo, una mzee aliyekushika mkono msibani na leo hataki hata kukuitikia, halafu unaniuliza habari za kioo chenye namba. Jamani.

Hebu tuzungumze kuhusu hilo jembe. Wewe mtunza stoo mzima, uliona jembe chini ya masale, hatua ishirini mashine ikalia, hatua ishirini ikalia tena, na hukujiuliza kitu? Mjerumani gani anakimbia vita huku anapima hatua? Mimi nimezaliwa hukohuko mlimani. Babu yangu alipogawana shamba na jirani yake walipanda masale juu, na chini wakalaza majembe mabovu, ili siku masale yakifa au akija mjanja wa kuyasogeza, chuma kibaki kuwa shahidi. Siwezi kukuapia kwamba baba yako naye alifanya hivyo. Lakini mtu wa kuulizwa yuko hai, na umemfanya awe anatazama mlima.

Kwa hiyo mashine yako haijaharibika, wewe ndiye hukuisikiliza. Ni kweli ile ya Luqman isingekuponza, ingepita juu ya majembe kimya. Lakini pia isingekuokoa, na wewe sasa hivi unahitaji mashine inayokiona chuma. Unayo. Badilisha betri zote sita kwa mpigo, usichanganye mpya na zilizochoka, kisha kaza nyaya za mpini. Miezi minne bado ni mwanafunzi. Ukishajua mlio wa kizibo na mlio wa jembe kabla hujachimba, ndipo uniandikie habari za kioo. Na ng'ombe si wako, hilo nimelifunga.

Usingoje Jumamosi. Kesho asubuhi ingia migombani ulitafute lile jembe, ulioshe. Kata jani la isale, lisiwe la mpakani tafadhali, ulishike mkononi uende kwa Mzee Elinami. Maana yake unaijua, na mzee wa kwetu hamfukuzi mtu aliyekuja na jani hilo kuomba msamaha. Mwambie uling'oa, ukarudishia vibaya, na kosa kubwa ni kwamba hukumwita. Mvua usiitaje kabisa. Mwombe atembee nawe mpakani na mashine yako kuukuu. Pale itakapolia, juu ya yale mawili uliyoyaacha chini, mtaupata mstari, na jembe la kwanza litarudi mahali atakapoonyesha yeye kwa mkono wake. Wewe shika koleo unyamaze.

Nenda na Paskalina. Mzee hatamnyima kiti, na ni vizuri upande wenu awepo hata mtu mmoja ambaye hajang'oa kitu.