Riwaya ya Mpiga Sinema

Dada Rehema,

Shikamoo. Natumai mama anaendelea vizuri. Huku Kisanga mvua imezuia lori letu siku mbili.

Mpiga sinema mmoja tuliyepanda naye ametunga riwaya ya kutisha, akaniazima. Ni habari za nyumba iliyohamwa, ambayo kila mchana humwita mwenyewe arudi. Naiogopa, lakini naisoma hata nikiwa nakula.

Jana, nikielekea Zombo, nilikatiza kwenye mahame ya watu waliohamishiwa kijiji cha ujamaa. Ndani ya nyumba isiyo na mlango sauti ikauliza, "Nani huyo?" Nikaikumbuka riwaya.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo unisaidie."

Kumbe ni bibi mwenye nyumba, amefuata jiwe lake la kusagia, akashindwa kulinyanyua. Tulilibeba pamoja, nami njiani nikamsimulia riwaya.

"Kamwambie huyo bwana," akasema, "nyumba haimwiti mtu. Mimi ndiye ninayeiita, na haiitiki."

Zimebaki kurasa chache, nami nasita kuzifungua. Mbusu Asha, na wewe usiache kuniombea.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura