Mawe na Sweta la Wifi Yako

Mgeta, Morogoro
14 Agosti 1975

Mpendwa mdogo wangu Furaha,

Shikamoo yako imenifika, na nimeiitikia marahaba kwa sauti ingawa walionisikia ni kuku tu. Hujambo huko Tabora? Watoto hawajambo? Shemeji je, kifua chake kimepona? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanionea.

Unaniuliza ninashindaje tangu wifi yako Josephine atutoke. Ninajenga. Siku zisizo za shamba la kijiji nabeba mawe kutoka mtoni na kuyapanga kuzunguka kaburi lake, ngazi kwa ngazi kama tufanyavyo kwenye bustani za mboga mlimani. Kila ngazi nimepanda maua meupe aliyoyapenda. Mikono ikikaa bure naanza kulia, nakuambia kweli.

Jioni ninafuma. Usicheke. Alinifundisha alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani, ili nimmalizie blanketi lake. Uzi umeadimika madukani, basi nimefumua sweta lake la bluu. Wanaume wa hapa wananiita Bwana Sindano. Nawaacha, maana nikiushika uzi ule moyo unatulia.

Lililokuwa likininyima raha ni jingine. Kama ujuavyo, shamba hili ninaloishi, na alipozikwa, ni la ukoo wake. Tungejaliwa mtoto ningekuwa na pa kushikia. Lakini tanga likishaanuliwa, ndugu zake ndio wa kusema nibaki au nirudi kwetu Mikese. Ndiyo maana sikukujibu uliponiita nije nikae kwako. Sikutaka kumwacha peke yake.

Jumapili tulianua tanga. Kaka yake mkubwa, Tomasi, alizunguka bustani yangu, akagongagonga mawe kwa fimbo, akainama kutazama maua. Mimi nilikuwa nimekwisha kufunga sanduku langu. Mwishowe akaniita.

“Shemeji, hapa umeharibu,” akasema. “Umejaza mawe na maua pande zote. Sasa wewe tutakuzika wapi?”

Nililia mbele ya watu, mtu mzima mimi.

Nisalimie sana shemeji, na watoto wetu Daniel na Margareth. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake. Niache nikapumzike sasa. Kesho asubuhi nabomoa ukuta wa mawe, upande wake wa kulia.

Kaka yako akupendaye siku zote,
Yakobo